Kompyuta ikizimika ghafla, huacha barua ya mwisho: nani anaisoma?

Ijumaa tarehe 19 mwezi wa saba mwaka 2024, saa kumi na mbili na dakika 9 asubuhi kwa saa za Goma na Bukavu, kampuni ya Marekani iitwayo CrowdStrike ilituma faili moja dogo kwenye kompyuta za wateja wake duniani kote. Kampuni hiyo inauza programu ya kulinda kompyuta dhidi ya wezi wa mtandaoni, na kutuma mafaili ya namna hiyo ni kazi yake ya kawaida. Lakini asubuhi hiyo, kompyuta zilizopokea faili zilianza kuzimika moja baada ya nyingine. Ekrani iligeuka kuwa ya buluu, mashini ikajiwasha upya, kisha ikazimika tena.

Nchini Ujerumani, uwanja wa ndege wa Berlin ulisimamisha safari kwa muda. Uingereza, televisheni ya Sky News ilishindwa kurusha habari zake za asubuhi, na madaktari wengi walishindwa kufungua kumbukumbu za wagonjwa wao. Marekani, kampuni ya ndege ya Delta ilifuta safari karibu elfu 7 kwa muda wa siku chache.

CrowdStrike iliondoa faili hilo saa moja na dakika 27 asubuhi, yaani dakika 78 tu baada ya kulituma. Ilikuwa imechelewa. Microsoft, kampuni inayotengeneza mfumo wa Windows, ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8,5 zilipatwa na shida hiyo. Hiyo ni chini ya kompyuta moja kwa kila mia moja zinazotumia Windows, lakini nyingi zilikuwa kwenye viwanja vya ndege, benki na hospitali.

Swali la kwanza ambalo kila injinia alijiuliza siku hiyo ni hili: mashini imekufa, nani atasema nini kimeiua?

Jibu lilikuwa ndani ya mashini zenyewe. Kabla ya kuzimika, kompyuta ya Windows hujaribu kuandika kwenye disiki mambo iliyokuwa nayo kichwani wakati huo. Mainjinia wanaiita hati hiyo dampu ya memori. Ni shahidi mzuri kuliko wote, kwa sababu alikuwepo. Lakini ana tabia moja ya hatari: husema hata mambo ambayo hakuna aliyemuuliza. Miaka mitatu kabla ya tukio la CrowdStrike, programu nyingine ilizimika ndani ya Microsoft yenyewe, na dampu yake ikaja kushukiwa kuwa ndiyo iliyofungulia majasusi barua za wakubwa wa serikali ya Marekani.

Meza ya karani

Ili kuelewa dampu, mtu anaweza kuifikiria kompyuta kama karani ndani ya ofisi. Kabati lake ni disiki: humo zimo karatasi zote, hata akienda kulala. Meza yake ni memori: juu yake ziko karatasi chache anazozifanyia kazi sasa hivi. Hesabu iliyofika katikati, barua isiyokwisha kuandikwa, neno la siri ambalo mteja amelitaja sasa hivi, vyote viko mezani. Umeme ukienda, meza inabaki tupu.

Dampu ni picha ya meza hiyo, iliyopigwa wakati uleule karani alipoanguka. Anayekuja baadaye haoni anguko lenyewe, ila anaona kalamu ilikuwa imefika mstari gani, na karatasi ipi ilikuwa imefunguliwa.

Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1950, memori ya kompyuta ilitengenezwa kwa vipete vidogo vya sumaku vilivyopitishwa nyaya nyembamba, kazi ya mikono ambayo mara nyingi ilifanywa na wanawake. Kompyuta ya Whirlwind ya chuo cha MIT nchini Marekani ilianza kutumia memori hiyo mwaka 1953. Programu ilipokufa, mashini ilichapisha kwenye karatasi yote yaliyokuwa ndani ya vipete vile, kurasa na kurasa za namba tupu, na mwandishi wa programu alikaa nazo akishika kalamu. Vipete vilikwisha kutupwa zamani, lakini jina lao limebaki: hata leo, kompyuta za jamii ya Unix na Linux huita faili hilo "core", jina la vile vipete kwa Kiingereza.

Simu za mkononi nazo zina desturi hiyo. Programu inapokufa vibaya kwenye simu ya Android, mfumo huandika hati fupi ya kifo chake. Waandishi wa Android waliipa jina linalomaanisha jiwe la kaburi: lina jina la marehemu, sababu ya kifo na hatua zake za mwisho.

Kuandika wosia wakati wa kukata roho

Kutengeneza dampu si kazi nyepesi. Mashini inaombwa kuandika wakati imeshajua kwamba haiwezi tena kujiamini. Kama kosa limeharibu sehemu inayopanga mafaili kwenye disiki, kujaribu kufungua faili jipya kunaweza kuharibu hata yale ya zamani.

Ndiyo maana Windows haitengenezi faili jipya wakati huo. Kwa kawaida humwaga yaliyomo ndani ya memori kwenye nafasi ambayo ilikwisha kuitenga mapema kwenye disiki. Mwenye kompyuta akiiwasha tena, ndipo mfumo mzima unaiona hati ile na kuipanga vizuri kama faili liitwalo MEMORY.DMP, au kama faili dogo ndani ya folda iitwayo Minidump.

Linux ina njia nyingine. Tangu kompyuta inapowashwa, sehemu ndogo ya memori hutengwa, na ndani yake hulazwa mfumo wa pili, mdogo, usiofanya kazi yoyote. Mfumo mkubwa ukifa, yule mdogo huamshwa, hupiga picha ya maiti ya mwenzake, huihifadhi, kisha huwasha mashini upya. Ni kama mlinzi anayelala nyumba ya pili ili nyumba kubwa ikiungua, awepo wa kusimulia.

Ukubwa wa dampu unatofautiana. Ile ndogo ya Windows ni faili dogo sana. Ile kamili inalingana na memori yote: kompyuta yenye memori ya gigabaiti 16 hutoa dampu ya karibu gigabaiti 16. Ya kwanza inabeba jina la kosa na hatua za mwisho. Ya pili inabeba meza nzima.

Tena si lazima programu ife ndipo dampu ipatikane. Programu iliyokwama, ambayo haijibu wala haifungi, inaweza kupigwa picha ikiwa bado hai. Windows yenyewe inatoa nafasi hiyo kwenye dirisha linaloonyesha programu zote zinazofanya kazi. Mainjinia huitumia kila siku kwa programu za benki au za hospitali ambazo hazitakiwi kusimama.

Kwa wakaaji wa miji ambamo umeme hukatika mara kwa mara, kuna jambo moja la kukumbuka. Umeme ukikatika kabisa, kompyuta ya mezani isiyo na betri haipati nafasi ya kuandika chochote. Hakuna dampu. Kwa hiyo fundi akikuta kompyuta inayozimika kila siku bila kuacha hata dampu moja, ukimya huo nao ni ushahidi: aanze kuangalia umeme, kamba, kifaa kinachogawa moto ndani ya mashini, au joto, kabla ya kulaumu programu.

Kusoma ni kuuliza

Ukifungua dampu kwa macho tu, unakuta namba zisizo na mwisho. Ndiyo maana kuna programu za kuzisoma. Kwa Windows, inayojulikana zaidi ni WinDbg, ya Microsoft. Kwa Linux kuna gdb, iliyoandikwa na Mmarekani Richard Stallman mwaka 1986, na ambayo hadi leo inatolewa bure.

Msomaji huanza na maswali matatu. Programu ilikuwa inatekeleza amri gani ilipokufa? Nani aliitoa amri hiyo, na huyo aliagizwa na nani? Na namba zilizokuwa mikononi mwake wakati huo zilikuwa zipi?

Swali la pili ndilo lenye uzito. Ndani ya programu, kila sehemu huita nyingine kuisaidia, na kompyuta hupanga miito hiyo kama sahani zinazowekwa moja juu ya nyingine. Sahani ya juu ni kazi ya mwisho. Ukiziondoa moja moja kuelekea chini, unarudi hatua kwa hatua hadi pale safari ilipoanza.

Lakini sahani hizo zimeandikwa namba, hazikuandikwa majina. Ili namba igeuke kuwa jina ambalo binadamu anaelewa, injinia anahitaji orodha ambayo kampuni iliitengeneza siku ileile ilipotengeneza programu: namba hii ni sehemu hii, namba ile ni mstari ule. Orodha ikipotea, au ikiwa ya toleo jingine, dampu inakuwa barua iliyoandikwa kwa lugha ambayo hakuna nyumbani anayeijua. Makampuni makini hutunza orodha hizo kwa miaka, kwa kila toleo lililowahi kutoka.

Asubuhi ile ya mwezi wa saba 2024, mainjinia wa nchi nyingi walifungua dampu za mashini zao na kukuta sahani ya juu ikiwa na jina moja: csagent.sys, sehemu ya programu ya CrowdStrike inayokaa ndani kabisa ya Windows. Ilikuwa imejaribu kusoma mahali pa memori ambapo hapakuwa na kitu.

Hapo wengi walikimbilia hitimisho. Saa chache baadaye, mitandao ya kijamii ilijaa maelezo ya watu waliotazama picha ya dampu moja na kusema wamepata ugonjwa. Wengine walidai kwamba faili lililotumwa lilikuwa tupu, limejaa sufuri. CrowdStrike ilikanusha kwamba sufuri ndizo chanzo.

Maelezo kamili yalitoka tarehe 6 mwezi wa nane. Sehemu moja ya programu ilitengenezwa ikitegemea kupewa majibu 21. Sehemu iliyokuwa inaipelekea majibu ilitoa 20 tu. Kwa miezi kadhaa hakuna aliyegundua, kwa sababu mafaili yote yaliyotumwa kabla yalisema, kwa lugha yao, kwamba jibu la 21 linaweza kuwa lolote, basi hakuna aliyekwenda kulitazama. Faili la tarehe 19 lilikuwa la kwanza kuagiza jibu hilo lisomwe. Programu ilikwenda kulitafuta, ikapita mwisho wa karatasi, ikasoma hewa.

Programu ya kawaida ikifanya kosa hilo, inakufa peke yake na nyingine zinaendelea. Lakini hii ilikuwa kwenye kiini cha mfumo, mahali ambapo Windows huona ni heri kusimamisha kila kitu kuliko kuendelea na memori isiyoaminika. Na kwa kuwa ilikuwa inaamka pamoja na mashini, kila kuwasha upya kulirudisha kifo kilekile. Kwenye kompyuta nyingi, fundi alilazimika kufika mwenyewe, kuiwasha kwa njia ya dharura na kufuta lile faili kwa mkono.

Tarehe 27 mwezi wa saba, Microsoft nayo ilichapisha uchambuzi wake. Ilikuwa imezipitia dampu zilizotumwa na kompyuta zilizozimika, ikazifungua kwa WinDbg, na kuthibitisha kwamba kosa lilikuwa la kusoma nje ya mpaka wa memori.

Funzo walilolipata wasomaji wa dampu ni lilelile ambalo daktari anayepasua maiti analijua. Dampu huonyesha marehemu alianguka wapi. Sababu inaweza kuwa mbali, kwenye uamuzi uliofanywa miezi mingi kabla. Anayesoma sahani ya juu tu na kufunga faili atamlaumu aliyekuwa karibu na maiti.

Wachache wanaoua wengi

Dampu moja humsaidia injinia mmoja. Dampu milioni moja ni habari nyingine. Windows ikizimika, huweza kutuma taarifa kwa Microsoft, na huko taarifa hupangwa katika mafungu: zote zilizokufa mahali pamoja huwekwa pamoja, na fungu kubwa zaidi hushughulikiwa kwanza.

Mwaka 2002, Steve Ballmer, aliyekuwa kiongozi wa Microsoft, aliwaandikia wateja kwamba kazi hiyo ilifunua jambo lililomshangaza. Karibu asilimia 20 ya makosa ya programu ndiyo yaliyosababisha asilimia 80 ya matatizo yote, na asilimia 1 tu ya makosa ndiyo iliyosababisha nusu ya matatizo. Bila dampu, kampuni ingepoteza nguvu kwenye makosa ambayo hayamsumbui mtu.

Basi kila mtumiaji anayekubali kutuma taarifa anamsaidia mwingine asiyemjua. Ila kuna gharama, na gharama hiyo ilionekana wazi mwaka 2023.

Muhuri uliopotea

Katikati ya mwezi wa sita 2023, wizara ya mambo ya nje ya Marekani iligundua kwamba kuna mtu anayesoma barua pepe za wafanyakazi wake. Haikuwa imeibiwa neno la siri. Aliyeingia alikuja na kibali kilichoonekana halali kabisa.

Mkaaji yeyote wa Congo anajua nguvu ya muhuri. Barua bila kashe haina uzito. Barua yenye kashe ya mkubwa hufungua mlango, hata kama mkubwa mwenyewe hakuiona. Kwenye kompyuta, kashe hiyo ni ufunguo wa siri, namba ndefu ambayo kampuni hutumia kusaini vibali vya kuingia. Anayeushika anaweza kujiandikia kibali kwa jina la mtu yeyote.

Kundi ambalo Microsoft inaliita Storm-0558, na ambalo inasema lina makao yake China, lilikuwa limeshika ufunguo wa namna hiyo. China ilikanusha tuhuma hizo. Ufunguo ulikuwa umetengenezwa mwaka 2016 kwa ajili ya barua za watu binafsi, lakini kwa kosa jingine la programu, milango ya mashirika nayo iliukubali. Miongoni mwa waliosomewa barua zao walikuwa Gina Raimondo, waziri wa biashara wa Marekani wakati huo, na Nicholas Burns, aliyekuwa balozi wa Marekani huko Beijing. Kwa wizara ya mambo ya nje peke yake, barua karibu elfu 60 zilichukuliwa. Kwa jumla, mashirika 22 na watu zaidi ya 500 waliguswa.

Ufunguo ulitokaje ndani ya chumba kilichofungwa? Tarehe 6 mwezi wa tisa 2023, Microsoft ilitoa maelezo. Mwezi wa nne mwaka 2021, programu inayosaini vibali ilikuwa imezimika, na dampu ikatengenezwa. Mfumo ulitakiwa kufuta siri zote ndani ya dampu kabla ya kuihifadhi. Kwa sababu ya kosa la programu, ufunguo ulibaki. Vyombo vinavyopekua mafaili kutafuta siri navyo havikuuona. Kwa hiyo dampu ilionekana safi, ikahamishwa kutoka mtandao uliotengwa hadi mtandao wa kawaida wa kampuni, mahali ambapo mainjinia huchambua makosa. Baadaye wavamizi walishika akaunti ya injinia mmoja aliyekuwa na ruhusa ya kuingia mahali hapo.

Maelezo hayo yalieleweka na wengi waliyakubali. Lakini tume ya serikali ya Marekani iliyokuwa ikichunguza mashambulizi ya mtandaoni ilipouliza dampu yenyewe iko wapi, jibu lilikuwa kwamba Microsoft haijaipata dampu yenye ufunguo ndani yake. Mwezi wa tatu 2024, kampuni ilirekebisha maelezo yake na kusema hivyo waziwazi: dampu ilibaki kuwa dhana. Ripoti ya tume, iliyotoka mwezi wa nne, ilisema uvamizi huo ungeweza kuzuiwa na ikaikosoa vikali Microsoft kwa namna inavyoshughulikia usalama.

Hata hivyo, jambo moja halikupingwa na yeyote: njia hiyo inawezekana. Dampu inayotoka mahali palipofungwa na kwenda mezani kwa wachambuzi inabeba yote yaliyokuwemo, na chujio likikosea mara moja, yatosha. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wezi wanalijua hilo tangu zamani. Mwaka 2011, Mfaransa Benjamin Delpy alitoa programu iitwayo Mimikatz, akitaka kuonyesha kwamba Windows huacha maneno ya siri kwenye memori. Tangu hapo, wavamizi wengi wanaoingia kwenye mtandao wa kampuni hujaribu kupiga dampu ya sehemu ile ya Windows inayotunza maneno ya siri, kisha huisoma wakiwa kwao kwa utulivu. Chombo ni kilekile cha fundi. Tofauti iko kwenye mkono unaokishika.

Kwa mwenye kompyuta moja tu

Habari hizi za Berlin na Washington zinamhusu pia mwanafunzi mwenye kompyuta moja aliyoinunua ikiwa imeshatumika, au mwenye duka la kuchapisha karatasi mjini Bukavu.

Kwanza, kompyuta ikionyesha ekrani ya buluu, si lazima kukimbilia kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Fundi akianza kwa kufuta, anafuta pia ushahidi. Kama kosa lilitoka kwenye memori mbovu au kwenye kifaa kingine, litarudi baada ya wiki mbili, na mteja atalipa mara ya pili. Ni haki ya mteja kumuuliza fundi: umeangalia folda ya Minidump? Imesema nini? Dampu tatu zinazotaja sehemu ileile zinaelekeza kwenye programu au kifaa kimoja. Dampu tatu zinazotaja sehemu tatu tofauti huwafanya mafundi washuku memori yenyewe.

Pili, dampu ndogo mara nyingi inatosha kumwelekeza fundi wa nje, nayo haibebi meza nzima, ingawa kipande cha siri kinaweza kujificha hata humo. Dampu kamili ni vizuri kuitunza kama daftari lenye maneno ya siri. Barua iliyokuwa wazi, mazungumzo, namba ya akaunti, picha, vyote vinaweza kuwemo. Haitumwi kwa mtu asiyejulikana kwenye kundi la WhatsApp kwa sababu tu amesema anaweza kusaidia. Aliyekwisha kuituma na sasa ana wasiwasi abadilishe maneno yake ya siri na kujiondoa kwenye akaunti zote zilizokuwa wazi.

Tatu, Windows humpa mtumiaji nafasi ya kuchagua taarifa gani ziende Microsoft. Kampuni yenyewe inaandika kwamba taarifa zile za hiari zinaweza kubeba hali ya memori wakati mashini ilipozimika, na kwamba bila kukusudia, vipande vya hati aliyokuwa akiifanyia kazi mtumiaji vinaweza kuwemo. Daktari, wakili, au mtu wa shirika anayeandika ushuhuda wa watu waliotendewa maovu ana sababu ya kufungua mipangilio ya faragha na kuangalia amechagua nini.

Nne, kabla ya kuuza kompyuta au kuiacha kwa fundi kwa siku kadhaa, ni vizuri kutafuta kama kuna MEMORY.DMP ndani yake. Aliyefuta picha na barua zake zote na kuliacha faili hilo ameosha nyumba na kusahau daftari juu ya meza.

Kwa wale wanaotengeneza programu, na vijana wa fani hiyo wanaongezeka katika miji ya mashariki ya Congo, mambo yanayofuata kutoka kwenye matukio haya mawili ni ya kazi ya kila siku: kutunza orodha za majina za kila toleo, ili dampu ikija iweze kusomeka, kufuta siri kwenye memori mara tu kazi yake inapokwisha, ili isiwepo picha itakapopigwa, na kuihesabu kila dampu kuwa siri hadi mtu atakapoipekua.

Ufunguo wa 2016 ulikwisha kufutwa na Microsoft, na kosa la majibu 20 na 21 lilirekebishwa. Dampu ya mwezi wa nne 2021, kama ilikuwa na ufunguo ule, haijaonekana hadharani hadi leo.